Namna ya kuulizia yaya, kituo cha watoto na burudani ya watoto Kampala, hatua kwa hatua

Mzazi anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, nani anajua yaya mzuri?" Dakika kumi baadaye ana namba 15 za simu, na bado hajui lolote. Neno "mzuri" halina uzito mpaka ujue aliyelisema aliona nini, aliona lini, na mtoto alikuwa na umri gani. Hatua zifuatazo ni za kuyapata hayo matatu, iwe unatafuta yaya, kituo cha kulelea watoto, mtu wa kuchezesha watoto kwenye sherehe, au mahali pa kuwapeleka siku ya mapumziko.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kabla ya kumuuliza mtu yeyote

Mistari mitano inatosha. Kwa mfano:

"Mtoto wa miezi 14, anasimama kwa kushika kiti. Saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Yaya hatalala kwangu. Aongee Kiswahili au Luganda. Nyumba ina ngazi, sigiri iko nje mlangoni."

Mstari wa mwisho watu huusahau, nao ndio unaochuja zaidi. Yaya aliyelea vizuri kwenye nyumba ya chumba kimoja, mtoto akiwa mbele ya macho yake muda wote, huenda hajawahi kuchunga mtoto karibu na ngazi. Kama mtoto ana pumu, kifafa, au mwili unaokataa chakula fulani, iandike hiyo kwanza.

Hatua ya 2: Chagua wa kumuuliza

Bora kuliko wote ni mzazi ambaye mtoto wake amemzidi wako mwaka mmoja au miwili. Amepita hapo ulipo juzi tu, na bado anakumbuka. Mwenye watoto wa sekondari atakupa jina la kituo ambacho pengine kimeshabadilisha walezi wote.

Baada yake, watafute watu wanaomwona yaya wakati mwajiri wake hayupo. Mlinzi wa getini anajua nani huacha mtoto nje akienda kuongea. Mwenye duka anajua nani humtuma mtoto wa miaka minne kuvuka barabara. Jirani wa ukuta mmoja anasikia kilio na anasikia jibu la kilio. Muuguzi wa chanjo anaona jinsi mtoto anavyoshikwa. Mwalimu wa chekechea anajua ni watoto gani hufika bila kunywa chai. Hawa hawaulizwi mara nyingi, na wakiulizwa kwa heshima husema.

Padri, mchungaji au imamu anaijua familia anakotoka yaya, lakini kazi yake hajaiona. Muulize kuhusu familia tu. Ndugu wa yaya naye ni hivyohivyo. Kwenye jamii zilizoshikamana, kama familia za Wakongo wa Nsambya na Katwe au Wanubi wa Bombo, habari husafiri haraka kanisani na msikitini, ila mtu huona haya kumtia doa binti wa shangazi yake. Tafuta angalau mtu mmoja asiye wa ukoo huo.

Dalali ni suala lingine. Hulipwa kila anapomleta yaya, kwa hiyo yaya akitoroka baada ya wiki tatu, dalali anaanza kuhesabu malipo mapya. Kama huna njia nyingine, mpe nusu yaya akifika na nusu baada ya mwezi mmoja kamili. Anayekataa mpango huo amekueleza yeye mwenyewe jinsi anavyowaamini watu wake.

Hatua ya 3: Uliza tukio

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiuliza "Ni mtu mzuri?" utajibiwa "Ndiyo, hana shida," kwa sababu adabu inataka hivyo. Uliza kilichotokea:

- Alikaa kwako tangu mwezi gani hadi mwezi gani? Mtoto alikuwa na umri gani?
- Mara ya mwisho mtoto alipougua au kuanguka, nani alikuambia, na baada ya muda gani?
- Mtoto akikataa kula, alikuwa anafanya nini?
- Uliwahi kurudi nyumbani mapema bila kumwambia? Uliwakuta wakifanya nini?
- Aliondoka kwa nini?
- Ungemwachia mtoto tena usiku mzima?

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Salaam aleikum, Hajjat. Samahani kwa kukusumbua. Nimeambiwa binti fulani alikuwa kwako."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Ndiyo, alikaa mwaka mmoja na nusu. Binti mzuri."

"Alhamdulillah. Mtoto aliwahi kuumia akiwa naye?"

"Eh, mara moja. Uji ulimwagikia mkono. Akauweka kwenye maji ya baridi, akanipigia nikiwa bado dukani."

Jibu hilo ni la thamani kuliko "hajawahi kukosea". Mtoto anayejifunza kutembea lazima ataanguka. Unachotafuta ni mtu anayesema ukweli mapema na anayejua la kufanya. Mtu asiyekumbuka tukio hata moja la mwaka mzima, ama hakuwepo nyumbani, ama anaficha. Na kwenye swali la mwisho sikiliza kimya. Akisita kabla ya "ndiyo", muulize taratibu kinachomfanya asite, kisha nyamaza umwache aseme.

Watu wawili wenye maelezo kama haya wanatosha. Kumi wenye "ni mzuri sana" hawatoshi.

Hatua ya 4: Hakikisha anayesifu ni yeye kweli

Ujanja wa kawaida ni yaya kukupa namba ya dada yake na kumwita "bosi wa zamani". Uugundue hivi:

Fanya kama unamtumia huyo "bosi" pesa kidogo kwa MTN MoMo au Airtel Money. Jina lililosajiliwa na namba hiyo litatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, kisha ghairi. Jina lisipolingana na ulilopewa, bado si wizi, kwa kuwa wengi hutumia laini ya mume au ndugu, lakini sasa una swali la kuuliza.

Muulize jina la mtoto na umri wake wakati ule, halafu kamuulize yaya hayohayo, kila mmoja kwa wakati wake. Aliyelea mtoto mwaka mzima anajua jina la utani, wimbo wa kumlaza, na chakula anachotema. Piga simu mara ya pili siku nyingine, saa tofauti, urudie swali moja tu. Hadithi ya kutunga hubadilika kwenye tarehe.

Hatua ya 5: Karatasi

Piga picha kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma. Namba ya NIN, yaani namba ya utambulisho iliyo kwenye kadi hiyo, ina herufi na tarakimu 14 kwa jumla. Huanza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa. Linganisha na umri aliokutajia. Mkimbizi atakuwa na kadi iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni kitambulisho halali, usimkatae kwa sababu hiyo. Aliye chini ya miaka 18 usimchukue kabisa. Huyo mwenyewe bado ni wa kulelewa.

Omba barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa anakotoka, yenye muhuri na namba ya simu, kisha mpigie mwenyekiti. Barua isiyopigiwa simu ni karatasi tu. Mwisho, pata namba ya mzazi au mlezi wake na umpigie yaya akiwa amekaa hapohapo, wasalimiane. Wewe pia mpeleke kwa LC1 wa kwako, aandikwe.

Mwaka 2014 video ya kamera iliyofichwa sebuleni huko Kampala ilionyesha yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo, na mahakama ikamfunga. Baba aliweka kamera baada ya kuona alama mwilini mwa mtoto. Kwa hiyo karatasi zikikamilika, macho yako bado yana kazi kila jioni wakati wa kuogesha.

Hatua ya 6: Siku tatu za majaribio, za kulipwa

Siku ya kwanza kaa nyumbani, fanya kazi zako, usielekeze kila kitu. Angalia kama ananawa mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kulisha. Angalia maji ya kuoga: anayejua humimina ya baridi kwanza, kisha ya moto, akapima kwa kiwiko, na akimaliza anamwaga beseni palepale. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na ndoo iliyoachwa sakafuni ndiyo hatari ya nyumba nyingi. Angalia simu yake iko wapi mtoto akiwa macho.

Siku ya pili aga kwamba unatoka kwa muda wa saa mbili, ila urudi baada ya saa moja. Siku ya tatu toka nusu siku. Wazazi wengi hukosea hapa kwa kumganda yaya siku zote tatu, halafu siku ya nne wanaondoka mchana kutwa. Mtoto analia, yaya anachanganyikiwa, na lawama inaanza.

Hatua ya 7: Kituo cha kulelea watoto

Usiende kwa miadi peke yake. Nenda pia bila taarifa, mara moja saa 6 mchana wakati wa chakula na mara moja saa 10 jioni wakati walezi wamechoka. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi kuingia saa hizo, tafuta kwingine.

Hesabu vichwa. Kwa kulinganisha, Uingereza inataka mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2. Ukikuta mlezi mmoja na watoto 9 wa umri huo, hata awe na moyo wa dhahabu hawezi kuwatoa wote moto ukizuka. Tazama pia jiko lina mlango unaofungwa, tundu la choo cha shimo ni dogo kiasi kwamba mtoto hawezi kutumbukia, na geti lina mtu. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na kama boda akitumwa kumchukua itakuwaje. Jibu sahihi ni kwamba hawamtoi mpaka wampigie mzazi.

Kisha simama nje ya geti jioni, uwaulize wazazi wanaokuja kuchukua watoto maswali ya hatua ya 3.

Hatua ya 8: Sherehe na matembezi

Kwa sherehe, muulize aliyeandaa. Mgeni aliona ngoma na keki. Mwenyeji ndiye aliyeona wachezeshaji walifika saa ngapi, jenereta ilizimika mara ngapi, na waliongeza bei kwa kisingizio gani. Picha zinazotumwa huweza kuwa za mtu mwingine, hivyo omba video fupi ya leo ya vifaa vyenyewe. Lipa sehemu kwanza, nyingine vifaa vikishasimama.

Kwenye jumba la kurukia la kupulizwa hewa kuwa mkali. Desemba 2021, huko Devonport, Australia, upepo ulilinyanyua jumba la aina hiyo kwenye sherehe ya shule na watoto 6 wakafa. Kanuni za Ulaya zinataka angalau sehemu 6 za kufungia, vigingi vya chuma vya urefu wa sentimita 38, na kusimamisha mchezo upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Kwa jicho tu: miti midogo ikianza kuyumba, watoto watoke. Kwenye ua wa sementi kigingi hakiingii, kwa hiyo uliza wanafunga na nini. Mtu mzima mmoja akae mlangoni muda wote, na wadogo wasichanganywe na wakubwa, maana mtoto wa miaka 10 akimwangukia wa miaka 3 anamvunja. Jenereta iwe mbali, moshi usiwafikie, na mafuta yawe yamejaa. Feni ikizimika jumba huporomoka juu ya waliomo.

Kwa matembezi, muulize mwenye mtoto wa umri wa wako: mtoto alichoka saa ngapi, vyoo viko umbali gani, kivuli kipo? Entebbe ina bustani ya wanyama ya UWEC na bustani ya mimea iliyoanzishwa 1898, ila wengi hujaribu yote mawili kwa siku moja, na mtoto wa miaka mitatu huishia kubebwa. Jumba la Makumbusho la Uganda, Kira Road, linafaa siku ya mvua, na nje lina nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kituo cha utamaduni cha Ndere, Ntinda, kina ngoma nzuri sana, lakini maonyesho ya jioni ni ya mtoto anayeweza kukesha kidogo. Ukienda ufukweni Ziwa Victoria, mchanga unatosha. Majini kuna kichocho.

Hatua ya 9: Mambo yakiharibika

Ukiona alama au mtoto anamwogopa yaya ghafla, mwondoe mtoto kwanza, mpeleke kituo cha afya, kisha polisi kitengo cha familia na watoto uombe Fomu ya Polisi namba 3 ijazwe na daktari. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Na wewe ukiulizwa na mzazi mwingine, mjibu kwa namna ileile uliyotaka kujibiwa: "Alikaa kwangu Februari hadi Novemba, mtoto wa miaka miwili. Usafi sana. Alichelewa asubuhi mara nyingi wakati wa mvua. Mtoto alipopata homa alinipigia kabla ya saa moja kupita. Aliondoka kwa sababu ya kuolewa. Ningemrudisha."