Dawa za mtoto wa bweni: mambo ya kuzingatia kabla hajapanda basi

Fomu ya kujiunga ikifika nyumbani, macho ya mzazi hukimbilia godoro, ndoo, jembe na shuka. Karatasi ya kupima afya huachwa hadi siku ya mwisho, mtoto anapelekwa zahanati mbio mbio, inaandikwa "mzima", unagongwa mhuri, kwisha. Kama mtoto ana pumu, kifafa, selimundu (sikoseli) au kisukari, au anatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, anza na karatasi hiyo. Godoro hata Masasi au Nachingwea utalipata.

Shuleni, wazazi wengi huuliza kama kuna dawa. Mimi ningeuliza nani anashika ufunguo wa kabati la dawa, na yuko wapi saa nane usiku. Matroni analala bwenini au ana nyumba yake mjini? Akienda msibani, ufunguo unabaki kwa mwalimu wa zamu au unaondoka naye kwenye pochi? Kabati kufungwa ni jambo jema, maana vidonge vikikaa kwenye tranka vitagawiwa kama karanga: huyu kichwa, yule tumbo. Lakini ziko dawa zisizopaswa kufungiwa kabisa.

Pampu ya pumu ni mojawapo. Hiyo ikae mfukoni mwa mtoto, na ya pili ikae kwa matroni. Ombeni ruhusa hiyo mapema, kwa maandishi, ili mwalimu wa zamu asije akainyang'anya kwenye ukaguzi. Huku kwetu Kusini kuna jambo ambalo daktari wa mkoa mwingine hawezi kulikumbuka: salfa. Kidato cha tano wanaripoti Julai, mikorosho nayo inachanua, na mashine za kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, zinanguruma tangu alfajiri. Vumbi lile la njano huwasha macho na koo hata la mtu mzima wa afya. Shule ikiwa katikati ya mashamba, mwambie matroni waziwazi kwamba miezi hiyo ndiyo mibaya kwa mwanao, na mtoto ajue kuhamia upande usiopelekewa vumbi na upepo.

Mwenye kisukari ana kazi kubwa zaidi. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki nne, ila soma karatasi ya dawa yenyewe. Sasa chukua tranka la bati, chini ya paa la bati, Lindi, mwezi wa Desemba: joto hapo linapita nyuzi 30. Ulizia friji iliko, na umeme ukikatika wanafanyaje. Mtungi wa udongo wenye maji unasaidia kupooza chupa iliyofungwa vizuri kwenye mfuko, lakini hauwi friji. Isiwekwe kwenye barafu pia, kwani ikiganda ni ya kutupa. Sindano zilizotumika ziwe na kopo lake gumu lenye mfuniko. Na mtoto aruhusiwe kuwa na glukosi au sukari darasani, hata kama sheria inakataza kula humo.

Kwa selimundu, dawa ni nusu tu ya habari. Aandikiwe kwamba mchakamchaka wa alfajiri na adhabu ya kuchota maji havimhusu, anywe maji mara kwa mara, na homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Kifafa: dawa zisikatike ghafla hata kidogo, kwa sababu kuzikatisha ndiko kunakoleta degedege.

Dawa za kufubaza virusi zinahitaji siri. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, lakini siri ya bwenini hulindwa na kutafuta mtu mmoja mwenye kifua. Mchague pamoja na mtoto, yeye ndiye anayejua nani hasemi ovyo. Kliniki waombe dawa za kufikisha likizo, kama hali yake inaruhusu, ili asiwe anaomba ruhusa kila mwezi na kuulizwa maswali.

Kwenye kukabidhi, usiweke bahasha mezani na kuondoka. Mwageni vidonge juu ya daftari safi, mhesabu wewe na matroni, muandike idadi, mtie saini. Kisha dawa irudi kwenye pakiti yake yenye jina na tarehe ya kuisha. Yale maandishi ya "1x3" ya dukani yaandike kwa maneno: kidonge kimoja, saa 1 asubuhi, saa 9 mchana, saa 5 usiku. Mwanafunzi anayefunga Ramadhani apangiwe na daktari kabla mwezi haujaandama. Zipo dawa zinazohamia futari na daku bila shida, na zipo zisizohama.

Ongeza akiba ya wiki mbili. Mei 2024, wakati wa mvua na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika, na kifurushi kilichotumwa kwa basi hakikuwa na pa kupita. Akiba hiyo ni ya dawa zake za kila siku tu. Antibaotiki na dawa mseto za malaria "za ikitokea" ziache nyumbani: homa ipimwe kwanza, na dawa mseto ni dozi sita za siku tatu, hazigawanwi na rafiki. Chupa ya mizizi ya bibi nayo usiifiche chini ya nguo. Iseme, daktari aamue kama inagongana na vidonge.

Likizo ikifika, aje na mabaki na karatasi. Vikibaki vidonge ishirini badala ya sita, usianze kufoka. Muulize kwanza dawa hutolewa saa ngapi, na kama saa hiyo darasa lake huwa limeshatoka.