Namna ya Kupanda Milima Minne Mirefu Kuliko Yote Tanzania

Anayetaka kumaliza vilele virefu vya Tanzania hana budi kuamua kwanza anahesabu nini, kwa sababu hesabu ya vilele na hesabu ya milima hazileti orodha moja. Ukihesabu vilele, cha kwanza ni Uhuru, kilicho juu ya Kibo, sehemu ndefu zaidi ya Kilimanjaro, kwa mita 5,895, na cha pili ni Mawenzi, chenye mita 5,149, ambacho nacho ni sehemu ya Kilimanjaro. Ukihesabu milima inayojitegemea, Kilimanjaro unafuatwa na Meru wenye mita 4,566, kisha Loolmalasin wa nyanda za juu za Ngorongoro unaopita mita 3,600, na wa nne ni Hanang mkoani Manyara, wenye takribani mita 3,420.

Ninapendekeza hesabu ya milima. Mawenzi ni miamba ya volkano iliyochakaa na kumeguka ovyo, na kuikwea kunahitaji kamba, ujuzi wa miamba na ruhusa maalumu ya hifadhi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mwaka 1889, lakini Mawenzi haikufikiwa mpaka mwaka 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute. Asiyekuwa mkwea miamba asione haya kuiacha, kwani milima minne iliyobaki hupandwa kwa miguu, na hiyo pekee ni kazi ya kutosha kwa mtu mwenye ajira na familia.

Wengi huanza na Kilimanjaro kwa sababu ya jina lake kubwa. Ushauri wangu ni kwenda kwa mpangilio wa kinyume: Hanang, Loolmalasin, Meru, na Kilimanjaro mwisho. Kwa mpangilio huo utavijua viatu vyako, magoti yako na namna mwili wako unavyopokea hewa nyepesi kabla hujalipa gharama kubwa ya mlima wa mwisho. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri kwa milima yote minne, na Januari na Februari nayo hufaa kati ya vuli na masika. Kuanzia Machi hadi Mei njia za msituni huwa matope matupu, na huko juu mawingu huziba kila kitu.

Hanang huanzia Katesh, mji ulio kwenye barabara ya Babati kwenda Singida. Mlima huu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kibali pamoja na mwongozaji hupatikana kwa utaratibu wa wakala huo. Mtu mwenye mazoezi anaweza kupanda na kushuka kwa siku moja, ila siku hiyo ni ndefu, kwa kuwa unapanda zaidi ya mita 1,500 kwa mfululizo, tena bila kutegemea maji njiani. Beba lita nne au tano zako mwenyewe na uondoke kabla ya alfajiri. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya tope kutoka mlimani yaliingia Katesh na kuua makumi ya watu. Kwa hiyo uliza ni njia ipi iliyo salama kwa msimu huo, na mvua ikinyesha kwa wingi ahirisha safari, hata kama umeshalipia.

Loolmalasin hauna mabanda ya kulala wala alama za njia kama milima ya hifadhi za taifa. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na huendi bila askari mwenye silaha, maana nyati wamo msituni. Unapita katika maeneo ya malisho ya Wamaasai, hivyo wazee wasalimiwe na picha zipigwe kwa ruhusa. Njoo na nguo za joto, kwani usiku wa huko ni wa baridi kali.

Meru ndio mlima ambao singekubali mtu auruke. Safari huanzia lango la Momela katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na askari wa hifadhi mwenye bunduki hutembea nanyi, kwa sababu siku ya kwanza mnaweza kukutana na nyati, twiga, na pengine tembo. Mnalala Miriakamba, mita 2,514, na siku ya pili mnafika banda la Saddle, mita 3,570. Mchana huo, hata kama miguu imechoka, pandeni Meru Ndogo, mita 3,820, kisha mrudi kulala chini, kwa kuwa mwili hujifunza zaidi ukiguswa na urefu na kurudishwa. Usiku wa kilele huanza kwenye saa saba au saa nane. Baada ya Rhino Point njia hufuata ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, ambako upande mmoja ni ukuta unaoshuka kwa mamia ya mita hadi kwenye koni ya majivu, na baadhi ya mawe huwa na barafu nyembamba ambayo taa ya kichwani haiioneshi vizuri. Hapo magongo yakunjwe na mikono iwe huru. Chukueni siku nne, msishawishike na tatu.

Baada ya Meru usikae muda mrefu. Mwili uliozoea mwinuko huanza kusahau ndani ya wiki chache, kwa hiyo kama ratiba na fedha vinaruhusu, anza Kilimanjaro ndani ya siku chache.

Kwenye Kilimanjaro uamuzi mkubwa ni idadi ya siku. Kanuni inayokubalika na matabibu wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama mabanda ya kulala ya njia ya Marangu: banda la Mandara liko mita 2,720, la Horombo 3,720, na la Kibo 4,720, yaani ni mita 1,000 kila siku. Ndiyo maana ninasisitiza siku ya ziada Horombo, ambayo hutumika kupanda hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi. Njia ya Machame kwa siku saba, na Lemosho kwa siku nane, hufanya vizuri zaidi, kwa kuwa hupitia Lava Tower, mnara wa mwamba wa volkano ulio karibu mita 4,600, kabla ya kushuka kulala Barranco chini ya mita 4,000.

Katika kilele hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni iliyopo pwani. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Zikikupata usipande zaidi mpaka zipungue, na umwambie mwongozaji bila kumficha chochote. Anayepepesuka kama mlevi, au anayehema akiwa amekaa huku akikohoa mapovu, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kuhusu asetazolamidi, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, zungumza na daktari kabla ya safari.

Usiku wa kilele huanza karibu saa sita. Geuza chupa ya maji kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu barafu hujitengeneza juu kwanza, na hivyo kifuniko hakitaganda. Mrija wa kunywea huziba mapema. Betri na simu zikae ndani ya koti, karibu na ngozi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliipandisha bendera ya taifa jipya na Mwenge katika kilele hicho, na sioni kwa nini Mtanzania asitenge muda wa kusimama pale kwa heshima, mradi asikae zaidi ya dakika chache.

Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji aliyesajiliwa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada za chini sana kuliko wageni, kwa hiyo beba kitambulisho, na mjiunge kikundi ili mgawane gharama za mwongozaji na mpishi. Kabla ya kulipa, iulize kampuni wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi na wanalala wapi, na lango linapopima mizigo, hakikisha hakuna anayebebeshwa zaidi ya kilo 20. Kampuni inayokwepa maswali hayo usiende nayo, hata ikiwa bei yake ndiyo nafuu kuliko zote.