Somo: Kumwendea mwekezaji ukiwa na kampuni changa ya utalii (mfano wa Kilwa)

Tuchukulie una wazo la safari za siku mbili Kilwa: jahazi kutoka Masoko hadi Kisiwani, magofu asubuhi, samaki wa nazi mchana. Wengi wakifika hapo hukimbilia kwa mchora nembo. Anza na kalamu.

Hatua ya 1. Mpigie hesabu mgeni mmoja. Mfano: analipa 300,000. Toa jahazi 60,000, malazi 70,000, chakula 40,000, mwongozaji 30,000, na asilimia 15 ya wakala aliyekuletea mgeni, 45,000. Zimebaki 55,000, na hujagusa kodi wala kibali cha kuingia magofuni. Sasa ngoja swali lenyewe: hiyo 60,000 ya jahazi ni ya kila mmoja wakiwa wageni sita. Wakija wawili? Nahodha anataka 360,000 yake ile ile, kila mmoja anabeba 180,000, umekula hasara kabla ya kung'oa nanga. Mwekezaji ataliona hilo ndani ya dakika tatu. Afadhali ulitaje wewe, pamoja na idadi ya chini ya wageni ambayo bila hiyo huondoki.

Hatua ya 2. Kwa nini Kilwa? Sentensi mbili zinatosha: msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika 1331, UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia 1981. Historia nyingine mwachie mwongozaji.

Hatua ya 3. Slaidi zisizidi kumi. Ya mwisho iseme unaomba kiasi gani na kitanunua nini. Usifiche masika: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika. Onyesha mpango wa miezi hiyo.

Hatua ya 4. Nembo. Tembo na Kilimanjaro waachie watu wa Arusha na Moshi. Kilwa ina tanga, ina kuba za Msikiti Mkuu, ina birika la pembe nane la kasri la Husuni Kubwa. Chagua kimoja, rangi mbili basi. Kisha ipunguze iwe sawa na ukucha wa kidole gumba, uitazame kwa nyeusi na nyeupe. Mimi sikufanya hivyo. Nembo yangu ya kwanza ilikuwa na jahazi, kamba zake zote, mawimbi, jua na mnazi. Ilipotarizwa kifuani mwa fulana ishirini ikawa kama mende aliyekanyagwa. Mteja mmoja akauliza kama tunauza dawa ya wadudu.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nikisajili nembo BRELA, Zanzibar nimelindwa?*
Hapana. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni Bara tu. Visiwani unasajili BPRA, wakala wa huko. Usajili wa Bara unadumu miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10.

*Leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, niwe nayo kabla ya kumwona mwekezaji?*
Kumwona, si lazima. Kubeba wageni, lazima. Gharama yake iwe ndani ya kiasi unachoomba.

*Mchoraji amenitumia nembo kwa WhatsApp, inatosha?*
Haitoshi dada. Mdai faili la vekta, lile linalokuzwa bila kupoteza ubora, kabla hujamalizia malipo, la sivyo siku ya kuchora kwenye tanga itatoka ukungu mtupu.

*Tunaonana mgahawani. Niende na laptopu?*
Nenda nayo, ila ibaki kwenye begi. Mezani weka hesabu ya mgeni mmoja, nakala mbili za A4, na kalamu, maana ataanza kukatakata namba mwenyewe.