Umeona mayai ya minyoo ya ini kwenye choo? Subiri kwanza kuandika majibu

Umeweka slaidi ya choo cha mgonjwa kwenye darubini, ukaona yai kubwa la rangi ya manjano kama kahawia, limerefuka kama la kichocho cha tumbo ila halina ule mwiba wa ubavuni. Hiyo ni Fasciola, mnyoo wa ini. Lakini kabla hujagusa fomu muulize mgonjwa swali moja tu, juzi na jana ulikula maini? Ng'ombe wetu wengi wana hii minyoo, mtu akila maini yake mayai yanapita tu tumboni yanatoka kama yalivyoingia na yeye haumwi chochote. Kuna kijana nilimuuliza akacheka, kumbe kala maini rosti asubuhi pale stendi. Mwambie aache maini wiki nzima, hata ya mbuzi, afu alete choo kingine. Mayai yakipotea ndo basi, yakiendelea kuonekana huyo anayo kweli, na kaipata kwenye mboga za majini alizokula mbichi au maji ya kunywa, sio kwenye maini (hapa hata wenzetu wa maabara wanachanganya).

Upande wa pili ndo unanisumbua zaidi. Mtu ana homa, anaumwa chini ya mbavu za kulia, malaria hamna, choo safi. Usimwambie hana Fasciola! Minyoo ikiwa bado inatoboa ini haitagi, mayai yanaweza kuchukua miezi 3 hadi 4, kwahiyo angalia FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu), eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zikiwa juu sana ongea na daktari apate ELISA ya damu (kipimo cha kingamwili) kama hospitali ya rufaa wanayo, pamoja na ultrasaundi.

Kutafuta mayai usitumie njia ya kuelesha kwa maji ya chumvi, haya yanazama. Koroga choo na maji, chuja kwa kitambaa cha gozi, acha mashapo yatulie, mwaga maji ya juu polepole, ongeza mengine, rudia mpaka maji ya juu yawe safi, afu tone la mashapo kwenye slaidi. Lenzi ya 10 inatosha, yai lina maikromita 130 na kuendelea. Yanakuwa machache sana lakini, omba choo cha siku 3 tofauti. Aliyekaa Thailand au Laos akala samaki wabichi huyo mtafutie Opisthorchis, mnyoo mwingine wa ini, yai lake halifiki hata robo ya hili kwa urefu, panda lenzi ya 40.

Na kwenye majibu andika jina la mnyoo, usiandike "minyoo" tu, maana Opisthorchis inatibika kwa praziquantel ileile ya kichocho ila Fasciola haiisikii kabisa, yenyewe inataka triclabendazole.