Jinsi ya kufuatilia utumishi wa ofisa wa ngazi ya juu wa jeshi la Uingereza ukiwa Dar es Salaam

Anza na jina kamili, cheo kitafuata. "Douglas" peke yake atakuletea maofisa chungu nzima. Patrick Sholto Douglas ni mmoja: brigedia aliyekuwa mkuu wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika wakati huo, askari walipoasi kambi ya Colito, leo Lugalo, usiku wa kuamkia 20 Januari 1964.

Fungua London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, mtandaoni, ni bure. Kamisheni, kupandishwa cheo, nishani na kustaafu vyote vilitangazwa humo. Kompyuta iliyosoma kurasa hizo kuukuu hukosea herufi, kwa hiyo jina lisipotokea, tafuta kwa jina la rejimenti na mwaka. Kwa enzi ya Vita vya Pili na baadaye, namba yake ya jeshi husaidia zaidi kuliko jina. Nakili tarehe mbili kila mara: ya toleo, na ile cheo kilipoanza kuhesabiwa. Huweza kupishana kwa miezi, na anayeandika ya kwanza badala ya ya pili huishia na mtu aliyeongoza kikosi kabla ya "kupandishwa".

Linganisha na Army List, orodha rasmi ya maofisa. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka matoleo mengi mtandaoni bila malipo.

Penye mtego hasa ni vyeo. Ofisa mmoja angeweza kuwa kapteni katika rejimenti yake, meja wa brevet (cheo alichotunukiwa, bila nafasi ya umeja rejimentini), na luteni kanali wa muda kwa sababu ya kazi aliyopewa, vyote kwa wakati mmoja. Vita vikiisha, cha muda huondoka. Si adhabu, na usiandike kwamba "alishushwa cheo" mpaka uone ushahidi mwingine. Chora jedwali la safu tatu: cheo cha kudumu, cha brevet, cha muda. Jaza kila tarehe mahali pake.

Kwa sisi tuliozoea vyeo vya JWTZ kuna kosa la ziada. Brigedia wa Uingereza si Brigedia Jenerali. Waingereza walikuwa na brigedia jenerali wakati wa Vita vya Kwanza, nacho kilikuwa cha muda. Tangu 1928 wanasema brigedia tu, na ngazi za jenerali kwao huanzia meja jenerali. Douglas basi abaki brigedia.

Vitendo vyake vitani vitafute Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Shajara (kumbukumbu za kila siku za vikosi) za Vita vya Kwanza ziko mfululizo wa WO 95, zimepangwa kwa kikosi au makao makuu, si kwa mtu. Jua kwanza alikuwa wapi na lini. Kwa mfano, Jenerali Arthur Reginald Hoskins alipokea uongozi wa majeshi ya Uingereza ya Afrika Mashariki kutoka kwa Jenerali Smuts Januari 1917 na kumwachia Jenerali van Deventer Mei mwaka huohuo. Ukimpa shajara za mwaka mzima umempa vita vya mwenzake. Majalada binafsi ya maofisa wa vita hivyo yako WO 339 na WO 374, mengi yakiwa membamba, maana majalada makuu yaliungua kwa mabomu mwaka 1940.

Hapa mjini, magazeti ya zamani yatafute chumba cha East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Nenda na barua ya utambulisho.

Kama ofisa alifia huku, tafuta jina lake bure kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kisha ukaone jiwe lenyewe. Kitabu cha zamani kikisema kaburi liko Ocean Road, usihangaike ufukweni: makaburi ya Vita vya Kwanza yaliyokuwa pale yalihamishwa mwaka 1968 kupisha barabara, na sasa yako makaburi ya vita, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi.