SOMO: Utambue mlima wako ni volkano ya aina gani

Naandika mara moja tu. Kila nikiweka picha ya Rungwe, volkano ya huku Mbeya, mtu lazima aulize kama "ni sawa na Kilimanjaro" na lini italipuka. Kuanzia leo nawaelekeza hapa.

Hatua ya 1. Angalia umbo kwa mbali: koni, mteremko mpana wa taratibu, au shimo lenye ziwa. Usiamue chochote bado.

Hatua ya 2. Tafuta ardhi iliyokatwa: kingo za barabara, korongo, machimbo ya kokoto.

Hatua ya 3. Soma mawe. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo polepole. Jiwe jeusi, zito, ni basalti. Magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ina silika (kile kinachounda mchanga na kioo) karibu asilimia 50, ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, gesi inatoka bila shida na lava inatiririka. Lava ya namna hiyo ikirundikana miaka mingi hujenga mlima mpana kama Mauna Loa kule Hawaii. Silika ikizidi, magma inakuwa nzito na kunata, gesi inabanwa ndani, na siku inapopata upenyo inapasua kila kitu. Hapo ndipo linapozaliwa lile jiwe jepesi la kusugulia miguu. Tabaka zake mnazikuta upande wa Isongole. Mlipuko mkubwa wa Rungwe uliozimwaga ulitokea kama miaka 4,000 iliyopita.

ONYO: jiwe moja halitoshi. Rungwe ina lava na ina majivu na mawe mepesi, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo volkano ya matabaka, na Kilimanjaro ni kundi hilo hilo.
ONYO: usiokote mtoni. Mto umebeba jiwe kutoka usikokujua.
ONYO: jiwe jekundu lenye matundu si lile jepesi. Litie kwenye ndoo. Mara nyingi linazama.

Hatua ya 4. Kama kuna ziwa, uliza shimo limetokeaje. Ziwa Ngozi, jirani na Rungwe, liko kwenye kaldera: magma ilitoka, paa likadidimia. Ziwa Masoko ni kitu kingine: magma ilikutana na maji ardhini, mvuke ukalipua shimo.

Hatua ya 5. Umri. Kyejo, volkano jirani ya Rungwe, ilitoa lava mnamo 1800. Kwa volkano hiyo ni jana, kwa hiyo msiseme imekufa.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo Rungwe italipuka lini?
Hakuna anayejua tarehe. Soma somo.

— Chemchemi za moto za Songwe si dalili kwamba mlipuko umekaribia?
Hapana. Maji yanashuka kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yanapata joto, yanapanda tena. Wanaofuatilia volkano wanaangalia mitetemo, ardhi kuvimba na gesi kubadilika.

— Mwalimu, nasikia lava ya Mlima Lengai, kule kaskazini mwa Tanzania, inatoka nyeusi halafu inageuka nyeupe. Kweli?
Swali zuri sana! Kweli. Ile haijajaa silika, imejaa soda. Inatoka kwenye nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati basalti hufika 1,100 na zaidi, na inatiririka kuliko lava nyingine yoyote. Ikipata unyevu wa hewa inaanza kupauka ndani ya saa chache. Ila usidhani ni mpole: 2007 ulilipuka na kurusha majivu.

— Ndaga fijo. Je, Ngozi ni salama kushuka hadi majini?
Njia inateleza, vaa buti na panda asubuhi kabla ukungu haujafunga. La kuogopa zaidi ni vibonde vyenye gesi ya kaboni dioksidi upande wa Kyejo. Ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, haina harufu. Ukiona ndege au panya wamekufa kwenye shimo, usiiname kuangalia.

— Mimi naona volkano zote ni sawa tu.
Sawa.

— Nje ya mada: yale mawe mepesi yanafaa kwenye vitalu vya parachichi?
Yanafaa. Yaponde, chekecha vumbi, changanya na udongo wa msituni. Yanashika maji na hayatuamishi.