Kuku wakiwa kwenye dawa, mayai yao hayaendi sokoni

Nafuga kuku wa mayai hapa Ipuli, Tabora, na trei zangu nyingi huishia kwa wauza chipsi. Anayekula chipsi mayai hana njia ya kujua kuku walinyweshwa nini. Mfugaji ndiye anayejua.

Anza na banda. Mlangoni weka beseni la dawa ya kuua vijidudu, ukanyage ndipo uingie. Pumba za mpunga zikilowa kandokando ya vyombo vya maji, zitoe siku hiyo hiyo, maana kuhara damu hupenda unyevu. Vifaranga wapya wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na maji safi. Wengi huwawekea OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, eti ya kinga. Acha kabisa! Hapo unavizoesha vimelea dawa ambayo kesho utaihitaji.

Kinga ni chanjo. Ya mdondo inayostahimili joto ni tone moja jichoni, kila miezi 3. Ya gumboro inayowekwa kwenye maji usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini, itakufa. Na mdondo ukishaingia bandani, antibiotiki haiuponyi, kwa kuwa ni ugonjwa wa virusi.

Kuku wakiugua, mpigie afisa mifugo kabla hujakimbilia dukani. Wakifa, TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wana kituo hapa Tabora; peleka mzoga ungali mbichi wakaupime. Ukiandikiwa dawa, maliza dozi hata kama kuku wamechangamka siku ya pili.

Sasa mayai, hapa ndipo wengi tunapoumizana. Soma kwenye chupa ya dawa siku za kusubiri kabla ya kuuza. Zinahesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, na za nyama si sawa na za mayai. Lebo ikikataza dawa hiyo kwa kuku wanaotaga, mrudishie muuzaji. Antibiotiki ya enrofloxacin, kwa mfano, Marekani waliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005, kwa sababu ya usugu wa vimelea kwa dawa.

Mimi huandika kwa chaki mlangoni: jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, tarehe ya kuanza kuuza. Mayai ya katikati nayafukia. Usimgawie jirani wala usiwapikie watoto. Kuchemsha hakuondoi mabaki yote ya dawa. Inauma, kwa sababu kuku wanaendelea kula, kwa hiyo tenga hela ya chakula cha siku hizo mapema. Na kuku mgonjwa usimuuze kwa bei ya kutupa kwa mama ntilie.